Kama Sina Ugonjwa, Mbona Naumwa?

Jumatatu moja ya Novemba, saa mbili asubuhi, kijana mrefu aliingia kwenye chumba changu cha kupima presha akiwa ameshika daftari la hospitali alilolikunja katikati kama chapati.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayesubiri kuambiwa ainuke. Nilimfunga mashine mkononi. Presha yake ilikuwa 128 kwa 82, haina neno. Mapigo ya moyo yalikuwa 112 kwa dakika, na huyu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje nusu saa nzima bila kufanya kitu.

Nikafungua daftari. Ndani ya wiki tano alikuwa amepima malaria mara tatu, mkojo mara mbili, choo mara moja na wingi wa damu mara moja. Kila mahali majibu ni safi. Hata hivyo alikuwa amemeza dozi nzima ya mseto wa malaria, dozi mbili za antibayotiki, na vidonge vya tumbo na vya maumivu alivyonunua mwenyewe duka la dawa. Tumbo bado linawaka. Kichwa kinabana. Usiku moyo unamwenda mbio mpaka anausikia kwenye mto.

"Sista," aliniambia huku akiangalia sakafu, "kila ninakokwenda wananiambia sina ugonjwa. Kama sina ugonjwa, mbona naumwa?"

Nimekuwa muuguzi tangu mwaka 2001, na kwa miaka 14 sasa nafanya kazi katika zahanati ya chuo hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Swali la kijana huyu nimelisikia kwa sauti nyingi, za wavulana kwa wasichana, na wengi wanaliuliza kwa aibu, kana kwamba wamekamatwa wakidanganya. Yeye ameniruhusu nimsimulie bila kutaja jina lake. Nami nataka kulijibu mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wenyewe: maumivu hayo ni ya kweli, na yana maelezo.

Foleni ya Novemba

Vyuo vinapofunguliwa, wiki mbili za kwanza zahanati huwa shwari. Vijana wanashuka stendi ya Msamvu na mabegi yao ya shangazi kaja, ndoo na godoro, nyuso zimejaa furaha. Wanaokuja kwangu ni wenye mafua ya safari. Ikifika wiki ya tano au ya sita, ratiba ya testi za kwanza ikishabandikwa, foleni inatoka nje ya mlango mpaka kwenye mwembe.

Malalamiko yao nayajua kwa moyo. Kichwa kinabana kama kimefungwa kitambaa. Tumbo limejaa gesi, chakula hakishuki. Choo kinamshika mtu kila akikaribia ukumbi wa mtihani. Kifua kinabana, vidole vinachomachoma, shingo imekakamaa. Usingizi unakata saa nane usiku na haurudi. Msichana ananinong'oneza kwamba hajaona siku zake miezi miwili, na hana mwanaume.

Kiswahili kimeyajua haya tangu zamani. Mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto. Roho yake iko juu. Kijasho chembamba kinamtoka, mate yamemkauka, magoti yamemlegea. Waliotuachia maneno hayo walikuwa wanaeleza kile walichokiona kwenye miili ya watu. Tukisema fulani "ana mawazo", hakuna anayefikiri kwamba tunamsifia akili. Kila mtu anaelewa kwamba amelemewa.

Na vijana hawa wamelemewa kweli. Kule kwao sekondari, mwalimu alikuwa anamjua kwa jina, na somo likiwa gumu aligeukia Kiswahili akaeleza upya. Hapa anakaa kwenye ukumbi wa watu mia tano, mhadhiri anamwaga Kiingereza kwa kipaza sauti saa mbili mfululizo, kisha anaondoka. Alikuwa wa kwanza darasani; sasa amezungukwa na waliokuwa wa kwanza kila mkoa. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, anakula mlo mmoja. Akikosa nafasi hosteli, anabebwa na rafiki, wawili kwenye kitanda cha futi tatu. Juu ya yote kuna neno moja ambalo wanalitamka kwa sauti ya chini kama jina la marehemu: kudisko, yaani kufeli mpaka chuo kikakurudisha nyumbani.

Filimbi ya afande

Kijana wangu alikuwa amepita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria kabla ya kuja chuo. Nikamuuliza, "Afande akipuliza filimbi saa kumi alfajiri, mwili wako ulikuwa unafanya nini?"

"Naruka kitandani, sista."

"Na moyo?"

"Unadunda."

"Halafu?"

"Tunakimbia mchakamchaka, tunaimba, tukirudi tunakunywa uji."

"Basi hapa chuoni filimbi inapulizwa kichwani mwako kutwa nzima, na hakuna unakokimbilia. Wala uji hunywi."

Aliinua macho kwa mara ya kwanza.

Hivi ndivyo mwili ulivyo. Ubongo ukihisi hatari, iwe nyoka njiani au karatasi ya mtihani, unazituma kazini tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache, kisha kortisoli ndani ya dakika. Moyo unaongeza kasi, na damu inapelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono ili mtu aweze kukimbia au kupigana. Kazi ambazo si za dharura zinasimamishwa, na ya kwanza kati ya hizo ni kusaga chakula.

Mmarekani mmoja, Walter Cannon, aliliona hilo kwa macho mwishoni mwa miaka ya 1890, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alikuwa akiwalisha paka chakula na kuangalia kwa eksirei jinsi tumbo linavyokisaga. Paka akishtuka au kuhamaki, tumbo lilisimama papo hapo. Akitulia, likaendelea. Ndiyo sababu chipsi mayai alizokula mwanafunzi usiku wa kuamkia testi zinakaa tumboni kama jiwe. Utumbo mpana wenyewe hufanya kinyume chake: unasukuma kwa haraka, na ndipo mtu anapokikimbilia choo akiwa mlangoni mwa ukumbi.

Misuli nayo inakaza, hasa ya shingo, mabega, taya na ile inayozunguka kichwa. Ikikaza siku nzima, jioni kichwa kinabana. Mwenye hofu pia huvuta pumzi fupi za harakaharaka bila kujijua. Pumzi hizo zinatoa hewa ya kaboni dioksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na damu ikipungukiwa na hewa hiyo, vidole na midomo inachomachoma, kichwa kinakuwa chepesi, kifua kinahisi hakijashiba hewa. Anayepatwa na hali hiyo kwa mara ya kwanza hudhani anakufa, hofu inaongezeka, anapumua haraka zaidi. Kwa msichana, ubongo ulioelemewa unaweza kupunguza ishara unazozituma kwenye ovari, na hedhi ikakata. Na asiyelala vizuri huyasikia maumivu kwa ukali kuliko aliyelala.

Katika hayo yote hakuna analojifanyia mtu kwa makusudi. Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta dalili za kimelea kwenye tone la damu. Cha mkojo kinatafuta dalili za bakteria. Vinajibu vilichoulizwa. Filimbi ya kichwani hakuna kipimo kati ya hivyo kinachoiuliza.

Yaliyonipata mimi

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Mwaka 1998 nilitoka kwetu Makete, kwenye baridi na mashamba ya viazi, nikaenda kusomea uuguzi mkoa mwingine. Nilikuwa na miaka 19 na sikuwahi kulala usiku mmoja mbali na nyumbani. Nilimwacha mama anaumwa.

Mwezi wa kwanza mikono ilianza kutetemeka kila nikishika sindano. Chakula kilininukia vibaya. Kisha hedhi ikakata, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Habari ikamfikia mkuu wa bweni. Aliniita mbele ya wenzangu wote, akatangaza kwamba nikapimwe mimba. Sikuwa nimelala na mwanaume maishani mwangu. Nilitembea kwenda maabara huku wenzangu wananiangalia mgongoni, na mkojo ule niliukinga huku nalia.

Majibu yalitoka: hakuna mimba. Wakaniambia rudi darasani. Hakuna aliyeniomba radhi, na hakuna aliyejiuliza, kama si mimba, basi ni nini.

Aliyejiuliza ni dada wa mwaka wa pili aliyelala kitanda cha juu yangu. Usiku mmoja alinisikia nalia, akashuka taratibu, akakaa miguuni pangu. "Umekula?" akaniuliza. Sikuwa nimekula. Alinikorogea uji wa ulezi, akanisubiri nimalize kikombe, ndipo akauliza, "Nyumbani umemwacha nani?" Nilizungumza mpaka jogoo wakawika. Tangu siku hiyo akawa ananipitia twende kula pamoja. Mikono ilitulia kabla ya Krismasi, na hedhi ilirudi mwaka mpya ulipoingia.

Sisemi kwamba uji ni dawa. Ila maswali yake mawili ninayauliza kila siku ya kazi mpaka leo.

Vidonda vya tumbo

Turudi kwa kijana wangu. Alikuwa ameshajipa jina la ugonjwa: vidonda vya tumbo. Ni jina ambalo wanafunzi wanapeana kama kalamu, na wengi wanaamini kwamba vidonda vinaletwa na mawazo.

Ukweli una sehemu mbili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kwamba kwenye matumbo ya wagonjwa wa vidonda kuna bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe kikombe cha bakteria hao, akaumwa tumbo, akaonyesha kwamba bakteria hao wanaweza kuliumiza tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Kwa hiyo vidonda vingi chanzo chake ni bakteria huyo, na anatibika kwa dawa maalumu anazoandika daktari baada ya kipimo. Chanzo kikubwa cha pili ni vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni.

Hapo ndipo ninapowashika mkono vijana wangu. Mawazo yanaweza kulifanya tumbo liume na kuwaka bila kidonda chochote. Lakini ukitibu kichwa cha mawazo kwa kumeza diklofenaki kila siku, tena tumbo likiwa tupu, unaweza kujitengenezea kidonda ambacho hukuwa nacho. Kijana huyu alikuwa amepima choo kwa ajili ya bakteria yule, hakuwa naye. Ila mfukoni alikuwa na karatasi ya diklofenaki iliyobaki vidonge vitatu. Tuliongea, akaniachia mezani. Nilimkataza pia vinywaji vya kuongeza nguvu anavyokunywa akikesha, maana kafeini inaupa moyo mbio zilezile anazozikimbia.

Usije ukasema "ni mawazo tu"

Naomba nieleweke. Sisemi kila maumivu ya mwanafunzi ni mawazo. Tunaishi kwenye nchi yenye malaria; homa ipimwe kwanza, siku hiyohiyo. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Msichana aliyekosa hedhi naye apimwe, kwa siri na heshima. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu, anayezirai, anayebanwa kifua akipanda ngazi, aliyepatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyaona, au aliyelegea upande mmoja wa mwili, huyo akimbizwe hospitali bila kupitia kwangu. Na anayesema hataki tena kuishi asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe kwa daktari akiwa ameshikwa mkono.

Ninachokikataa ni ile tabia ya kurudia vipimo na dawa mara ya tatu na ya nne huku hakuna aliyemuuliza mgonjwa anaishije.

Maswali mawili

"Jana ulikula nini?" nilimuuliza.

Akafikiri. "Chapati mbili na chai. Jioni."

"Na juzi?"

Akanyamaza. Nikauliza la pili: "Nyumbani umemwacha nani?" Polepole yakaanza kutoka. Kwao ni Kasulu, Kigoma. Katika ukoo wote yeye ndiye wa kwanza kukanyaga chuo kikuu. Ili aje, baba yake aliuza ng'ombe wa maziwa, ambaye wadogo zake walikuwa wanamtegemea. Bumu lilipotoka, nusu yake aliituma nyumbani kwa mdogo wake wa kidato cha pili anayedaiwa michango ya hosteli. Iliyobaki aliigawa kwa siku, akaona inatosha mlo mmoja. Analala kwa kubebwa, upande wa ukutani. Testi ya kwanza alipata 9 kati ya 20. Kila Jumapili mama yake anapiga simu: "Unasoma?" Naye anajibu, "Nasoma mama."

"Nikifumba macho namwona yule ng'ombe," aliniambia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana huyu maradhi hakuyaficha, ameyabeba kila zahanati. Alichokificha ni ng'ombe.

Hatukumpa dawa. Nilimpeleka ofisi ya mshauri wa wanafunzi kuhusu malazi, na wiki ya pili akapata kitanda chake. Nilimfundisha kupumua: vuta kwa hesabu ya nne, toa polepole kwa hesabu ya sita, dakika tano, maana pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayouambia moyo utulie. Nilimwambia arudie mchakamchaka jioni, nusu saa, siku tatu kwa wiki, ili mwili ulioitwa na filimbi ukimbie umalize. Alitafuta wenzake wanne wa kusoma pamoja. Mhadhara wa Kiingereza wanausimuliana upya kwa Kiswahili, kisha wanajiuliza maswali kwa Kiingereza. Nilimwambia pia ale mara mbili kwa siku, ugali maharage wa mama ntilie unatosha, kabla ya kutuma senti yoyote nyumbani.

Msaada wa namna hii hauhitaji jengo jipya. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kulichagua tatizo moja la kuanza nalo. Washona wanaiita hali hii kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kila chuo chetu kina mabenchi, na kina wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wanaoikumbuka Novemba yao.

Simu ya Kasulu

Lililobaki lilikuwa la nyumbani. Wazazi wenzangu, simu zetu zina swali moja tu, na mtoto analijua jibu tunalolitaka. Muulizeni mtoto amekula nini, analala wapi, anacheka na nani. Mwambieni mapema kwamba akiteleza, nyumba bado ni yake.

Alhamisi kijana alirudi. Mapigo 108. Nilimwomba ampigie mama yake aseme ukweli, akasema hawezi peke yake, nikae. Akaweka simu mezani, sauti ya wazi. Akaeleza kuhusu testi, bumu, mlo mmoja na tumbo. Upande wa pili kukawa kimya, nikasikia kuku tu.

"Kwa hiyo huli?" mama akauliza.

"Nakula kidogo, mama."

"Ng'ombe tulimuuza ili usome. Ukifa na njaa huko, mimi nitamwambia nini baba yako? Hela ya mdogo wako tutaitafuta hapa hapa. Wewe kula."

Alikata simu akajifuta uso kwa mkono wa shati. Nikamwacha akae, nikaandika rejista yangu. Baada ya dakika kumi nikamfunga tena mashine: 86.

Nikaiandika kwenye daftari lake chini ya ile 108, nikamgeuzia aisome. Kwa wiki tano alikuwa anatafuta kipimo cha kumwonyesha kinachomsumbua. Aliziangalia namba hizo mbili kwa muda mrefu, kisha akauliza mama ntilie wa geti la pili anafungua saa ngapi.